Kidevu Chini ya Picha

Tangu kinyozi abandike picha ya kiongozi wa chama chake juu ya kioo, wateja wa chama kingine walimkimbia, na uchaguzi ndio huo mlangoni.

Asubuhi hiyo akaingia jirani yake, fundi viatu, mpinzani mwenye mdomo kuliko wote mtaani. Akaketi, akainua kidevu, kikoromeo kikipanda na kushuka.

"Ninyoe ndevu. Na huku unanieleza, huyo wako ana nini cha kumzidi wangu?"

"Huuogopi wembe wangu?"

"Si ndio ulioninyoa siku ya harusi?"

Kinyozi akaufikisha wembe shingoni, kisha akaurudisha mezani.

"Vipi tena?"

"Ngoja nijifute macho, jirani. Nisije nikakipunguzia chama chenu kura."