Bakuli Mapajani

Badi alimpakatisha mama yake, asiyeona, bakuli lililojaa maji. Nyonga za mama hazikutaka mtikisiko, na muuzaji alikuwa amewapa magari mawili wayajaribu. Yalikuwa ya aina moja, marefu, yenye injini ya mbio, ila moja lilikuwa na springi ngumu na jingine laini.

Walianza na lile gumu. Maji yalimwagika yote, kanga ikalowa chapachapa, na mama akacheka.

"Hili tuta la shule. Na shimo la kwa fundi Kombo, bado halijazibwa tu?"

Badi akajaza tena bakuli, wakapanda lile laini. Wakapita njia ileile. Halikumwagika hata tone moja.

"Umeona, mama? Raha mustarehe!"

Mama alilishika bakuli kwa mikono miwili.

"Badi, tuko wapi?"

"Njia ileile, mama. Kwa fundi Kombo tumeshapita."

"Tumepita saa ngapi? Mbona sioni kitu?"

Badi alisimama kando ya barabara, akazima injini. Gari lilikuwa limetulia kabisa, na sasa ndipo maji yalipoanza kumwagika mikononi mwa mama.