Mhunzi Anauliza Habari za Nyumbani

"Mhusika asiyetaka kitu ni kiti chenye mdomo," kaka alipenda kunitania nilipomsaidia kubuni watu wa mchezo wake wa kompyuta. Tangu tulipomzika, mama hajagusa chakula, nami nakaa sebuleni nikiucheza mchezo wenyewe hadi mwisho.

Leo nilimfikia mhunzi wa kijiji cha mwisho. Mhunzi huyo, kaka alimbuni peke yake akiwa mgonjwa, akamwazima na sauti yake. Wachezaji wengine huuziwa upanga tu. Mimi nilipoingia kwa jina langu la utani, mhunzi aliweka nyundo chini.

"We Domo," ilisema sauti ya kaka, kikohozi kikiyakata maneno. "Upanga wa nini, na wewe unaogopa hata kuku? Niambie, mama amekula?"

Chini kwenye kioo yakatokea majibu mawili: Amekula. Bado.

Mhunzi alikuwa akipumua, mabega yakipanda na kushuka, akingoja. Kidole changu kikaenda kwenye jibu la kwanza.

"Usimdanganye," mama alisema nyuma yangu. Kisha nikamsikia akifunua sahani. "Mwambie asubiri kidogo."