Nyumba Inayonenepa

Zege la siku hizi liko hai. Kila kimbunga kikipita, ukuta hunenepa kidole kimoja, na hunenepea ndani, hata kwenye kingo za mlango. Kulichonga ni jela. Kitanda chetu nimeshakikata mara mbili. Mke wangu Kazija, mwenye mwili wa kujivunia, hajatoka nje tangu Idi kwa sababu mlango haumpitishi tena. Mimi bado napita kiubavu.

Leo redio imetangaza kimbunga cha kesho. Nikachukua tindo na nyundo.

“Weka chini, Baba Shaibu. Ukifungwa, uji nitaletewa na nani?”

“Basi nikuchonge wewe?”

Akacheka, kisha akaupima mlango kwa shubiri. Kicheko kikakatika.

“Toka leo, mume wangu. Kesho hata wewe hutapita.”

Nikaweka nyundo chini, nikafunga mlango kwa ndani.