Sauti ya Zaituni

Siku ya Mji inapokaribia, wanawake wa chama cha ngoma ya lelemama hubandikwa kooni kibandiko cha kubadili sauti, ili wote waimbe na kusema kwa sauti ya mmoja wao, ile iliyoshinda kura. Mwaka huu ilishinda ya Zaituni, muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Kibandiko huvaliwa wiki nzima, koo lizoee.

Siku ya kwanza Mwanaisha, mmoja wa waimbaji, alirudi nyumbani na kibandiko chake, akamwita mumewe aje anywe chai. Athmani, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa haitiki mpaka aitwe mara tatu, alikuja mbio.

"Leo umesikia?"

"Hebu sema tena, mke wangu. Sema lolote, hata bei ya unga."

Kufikia siku ya nne Athmani alikuwa akishinda jikoni akimenya vitunguu, mradi asimuliwe habari. Mwanaisha akawa anaionea wivu shingo yake mwenyewe.

Mazoezini hakuitikia salamu ya Zaituni.

"Nimekukosea nini, shoga?"

Mwanaisha alifungua kinywa ili amtolee yote ya moyoni, akakifunga. Hata ugomvi wenyewe ungetoka kwa sauti ya Zaituni.

Jioni ile alikibandua kibandiko, akasimama uani, akaita kwa sauti aliyozaliwa nayo.

"Athmani!"

Aliita mara moja tu, na Athmani akatokea mlangoni. Moyo wa Mwanaisha ukaruka kwa furaha. Mumewe akamtazama, akatabasamu kwa adabu, kisha akachungulia nyuma ya bega lake, kama mtu anayemtafuta mwenye ile sauti nyingine.