Jicho la Mkiani

Samaki Kipepeo, wa manjano na mwembamba kama sahani, aliishi na mkewe katika nyumba yao ya matumbawe, nao walidonoa chakula chao humo humo. Macho yao ya kweli yalifichwa na mstari mweusi, lakini mkiani kila mmoja alikuwa na doa kubwa la mviringo, utadhani jicho. Mkunga, yule samaki mrefu wa mapangoni, kila akiwawinda alilirukia doa akidhani ni kichwa, nao wakachomoka upande wa pili.

Jirani yao, samaki Kikande, mwenye maneno ya asali, akamwambia mume, "Bwana wee, jicho zuri hivyo! Mbona unaliburuta nyuma kama aibu?"

Kipepeo akavimba kichwa. Tangu hapo akawa anaogelea kinyumenyume, ili wapita njia walione kwanza.

Mkewe akamsihi, "Baba watoto, doa hilo tumepewa la kung'atwa, si la kusifiwa."

"Una wivu tu," akajibu.

Asubuhi moja Mkunga akatokeza pangoni na kulirukia doa kama kawaida yake. Kipepeo naye, kwa mazoea yake mapya, akakimbia mkia mbele, moja kwa moja hadi kooni.

Kikande alikuwa wa kwanza kuleta pole. "Pole sana, shemeji. Lakini jicho lako nalo, loo! Linalishinda hata la marehemu."

Mjane akamgeuzia mkia. Alimwachia doa la mkiani alitazame apendavyo. Jicho lake la kweli lilikuwa likitazama mlango wa nyumba yake, ambamo Kikande alikuwa ameshaingiza watoto wake.