Sugu ya Kidole Gumba

"Fainali tunachezea mashine mpya," alitangaza shangazi, mwenye ukumbi wa gemu. Mshindi angesafiri na timu ya ukumbi kwenda mashindanoni.

Shabaha, mtoto wa kaka yake, alisugua sugu ya kidole gumba. Mwaka mzima shangazi alimwekea mashine kuukuu, ambayo picha yake huchelewa, naye akazoea kuwafyatulia roboti kabla hawajaonekana.

Kwenye fainali, mchezo ulikuwa uleule. Kabla mlango wa chombo cha anga haujafunguka, kidole kiliwahi. Risasi zikaishia kwenye chuma cha mlango. Roboti akatoka, akamrarua.

Binamu yake, aliyezoea mashine mpya, alirusha mikono juu.

"Shangazi, ulijua kidole changu kitawahi?" Shabaha aliuliza.

"Usininunie, mwanangu," shangazi alisema, akimfuta mwanawe, yule mshindi, jasho. "Ile kuukuu chukua kabisa, iwe yako. Si mmezoeana?"