Nyota ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Sisi vikongwe wa maktaba hii huweka alama ya penseli kwenye ukurasa wa kumi na saba, tusije tukaazima riwaya ile ile mara mbili. Yangu ni msalaba. Ya rafiki yangu Bogna ni nyota.

Lakini Bogna hasomi hadithi za mapenzi. "Uongo mtupu, shoga! Bibi wa miaka sabini aolewe? Utachekwa mpaka kanisani." Ndiyo maana mwokaji mikate wa mtaani, mgane, aliponiposa nilimkataa, nikamrudishia biskuti yake ya tangawizi yenye umbo la moyo, jina langu limeandikwa juu kwa sukari.

Leo nimefungua riwaya ya ajuza aliyeolewa. Nyota. Ya pili, nyota. Ya tatu, nyota! Na pembeni mwa sura ya harusi, mwandiko wake: "Hongera, bibi harusi. Ungewasikiliza watu ungekufa na baridi."

"Mbona umenuna?" Bogna aliuliza nyuma yangu, akitafuna. "Chukua kipande, shoga."

Akafungua karatasi. Moyo wa tangawizi ulioliwa nusu, umelazwa kifudifudi. Nikaugeuza.

Zilikuwa zimebaki herufi tatu za sukari: G, N, A.